Tone Moja Kwenye Kioo: Kupiga Picha za Ndugu Wakiteleza Mawimbini

Picha nyingi ninazozifuta baada ya kutoka majini hazikuharibiwa na kamera. Zimeharibiwa na tone la maji. Mdogo wako amesimama juu ya ubao kwa mara ya kwanza maishani, mikono ameitanua, kinywa wazi, na pale palipotakiwa kuwa na uso pana doa la ukungu. Hakuna programu itakayokurudishia sura ile. Kwa hiyo nianze na kioo kilicho mbele ya lenzi, mengine yatafuata.

Maji yakifika kwenye kioo, ama hujikusanya yakawa matone, ama hutandaa yakawa utando mwembamba. Utando hauonekani pichani. Tone huonekana vizuri mno. Wanaopiga picha majini wakiwa na kioo cha umbo la kuba hukiramba kwa ulimi, ama hukitemea mate na kuyasambaza, kisha hukichovya majini na kukiinua papo hapo kabla ya kupiga. Mate huyafanya maji yatandae. Mimi hufanya hivyo kila wimbi linapokaribia, na sioni haya hata kidogo. Adui mkubwa wa kioo ni mafuta ya kujikinga na jua: kidole kimoja chenye mafuta hayo kikishagusa kioo, matone hayakuachi tena siku hiyo. Ndiyo maana nikijua nitapiga picha, namwomba mtu mwingine anipake.

Kuhusu simu, nasema wazi: usiitegemee alama ya IP68, ile inayodai simu haipitishi maji wala vumbi. Kipimo hicho hufanywa kwenye maji yaliyotulia, tena yasiyo na chumvi. Wimbi hupiga kwa nguvu, na chumvi hula tundu la chaji. Itie ndani ya kasha lisilopitisha maji, ama tumia kamera ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. GoPro, mojawapo ya kamera hizo, ilizaliwa kwa haja hii hii. Nick Woodman alikuwa mtelezaji wa mawimbi aliyetaka kupiga picha akiwa palepale majini, na kamera yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 2004, ilitumia filamu ya milimita 35 na kufungwa kwenye kifundo cha mkono.

Kasha nalo lina siri yake: ule mpira mwembamba unaozunguka mlango. Niliwahi kupoteza kamera kwa sababu ya unywele mmoja uliolala juu ya mpira huo. Unywele mmoja tu, na maji yakapata njia. Tangu siku ile naupangusa mpira kwa kitambaa laini, naupitisha kwenye mwanga nikiukagua pande zote, kisha nalizamisha kasha tupu kwenye beseni likiwa na karatasi ya shashi ndani. Karatasi ikitoka kavu, kamera inaingia.

Mipangilio haina mengi. Kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, isiwe chini ya 1/1000 ya sekunde. Ukitaka kila rasharasha isimame hewani, panda hadi 1/1600. Punguza mwanga kidogo ili povu lisigeuke kuwa karatasi nyeupe. Piga mfululizo.

Mahali pa kusimama ndipo penye kazi yenyewe. Anayejifunza huteleza juu ya povu, kwenye maji ya kiunoni, akielekea ufukweni. Basi simama mbele yake lakini kando, upande ambao kifua chake kimeelekea, la sivyo utarudi na picha za migongo. Usikae kwenye njia yake moja kwa moja: ubao una pezi chini, na pezi hukata. Asubuhi au jioni, jua likiwa chini, jiweke jua likiwa nyuma yako, uso wake utaangaza wenyewe. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu, kisha bahari hutulia kidogo. Usitumie utulivu huo kutazama picha ulizopiga ukiwa umeipa bahari mgongo. Na usiende kwenye kina kirefu na kamera kama hujazoea kuogelea hapohapo bila kamera.

Kwa uzoefu wangu, picha ambayo ndugu na marafiki huniomba baadaye si ile ya wimbi kubwa. Ni ya wanaosubiri wimbi wameketi juu ya mbao, miguu ikining'inia majini. Ni ya baba aliyeshika mkia wa ubao, akimhesabia mwanawe moja, mbili, tatu. Na mtoto akianguka, usishushe kamera. Hesabu sekunde mbili. Ataibuka nywele zikiwa zimemfunika macho, atazisukuma pembeni, atageuka kutafuta nani alimwona. Kioo kiwe kimesharambwa.

Tukitoka, kasha nalilaza kwenye maji yasiyo na chumvi nusu saa likiwa bado limefungwa, nikibonyeza vitufe vyote ili chumvi itoke chini yake. Nalikausha. Picha, ndugu watazingoja.