Miaka 64 katika Bunge la Wisconsin: yanayosemwa juu ya Fred Risser, na ukweli wake

Fred Risser aliingia katika Bunge la jimbo la Wisconsin, Marekani, Januari 1957, akiwa na umri wa miaka 29. Wakati huo Tanganyika na Kenya zilikuwa bado mikononi mwa Mwingereza. Alipotoka Januari 2021 alikuwa na miaka 93, amefanya kazi na magavana 13, na amekuwa mkongwe wa Vita Kuu ya Pili wa mwisho aliyebaki katika mabunge yote ya majimbo ya Marekani. Katika historia ya nchi hiyo hakuna mbunge mwingine aliyetumikia miaka mingi hivyo, si majimboni wala Washington. John Dingell wa Michigan, anayeshika rekodi ya Bunge la taifa, aliishia miaka 59.

Mtu akikaa bungeni muda wote huo, watu hukimbilia maelezo mepesi: ama ni mwizi wa kura, ama ni mtakatifu. Yote mawili yanatufunga macho tusione namna bunge linavyofanya kazi, na ndiyo maana naona habari ya Risser inastahili kunyooshwa.

Dhana: Alikuwa seneta wa Marekani

Hapana. Alikuwa seneta wa jimbo. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na yote isipokuwa Nebraska yana mabaraza mawili. Wisconsin ina Baraza la Wawakilishi lenye viti 99, ambalo wajumbe wake huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, na Seneti yenye viti 33, ambayo muhula wake ni miaka minne. Risser alianzia Baraza la Wawakilishi, kisha mwaka 1962 akashinda uchaguzi mdogo wa kujaza kiti cha Seneti, na hapo ndipo alipobaki. Ofisi yake ilikuwa Madison, mji mkuu wa jimbo, si Washington.

Wasomaji wetu wengi wanamjua mtu aliyepitia ngazi hiyo hiyo bila wao kuitambua. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo huko Siaya, alikuwa seneta wa jimbo la Illinois kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004. Kwa karibu miaka minane alifanya kazi Springfield, akishughulikia mambo ya jimbo, kabla ya kuitwa seneta kwa maana ambayo ulimwengu mzima unaijua.

Dhana: Bunge la jimbo ni kama halmashauri tu, halina uzito

Hili ndilo kosa linaloniudhi zaidi, kwa sababu mambo mengi yanayomgusa Mmarekani wa kawaida kila siku huamuliwa huko. Shule za umma, barabara, magereza, leseni za udereva, sheria za ndoa na talaka, utaratibu wa kupiga kura, hata ramani ya maeneo ya uchaguzi ya wabunge wanaokwenda Washington: katika majimbo mengi yote hayo hupita mikononi mwa bunge la jimbo.

Chukua suala la moshi wa sigara. Risser alianza kupigania hewa safi ndani ya majengo ya umma tangu miaka ya 1980, katika jimbo ambalo baa ni sehemu ya maisha na chama cha wenye baa kina nguvu kubwa ya ushawishi. Alikuwa akirudi na hoja ile ile muhula baada ya muhula. Sheria ya kupiga marufuku uvutaji katika sehemu za kazi, mikahawa na baa ilitiwa saini na Gavana Jim Doyle Mei 2009, na bado ikabidi wenye baa wapewe muda hadi tarehe 5 Julai 2010 ndipo ianze kutumika. Mhudumu wa baa mjini Milwaukee aliyeacha kurudi nyumbani na nguo zinazonuka moshi hakuokolewa na mtu yeyote wa Washington.

Wala usidhani kazi hiyo inatajirisha. Katika miaka ya mwisho ya Risser, mshahara wa mbunge wa Wisconsin ulikuwa kati ya takribani dola 51,000 na 53,000 kwa mwaka. Huko New Hampshire mbunge hulipwa dola 100 kwa mwaka, na Baraza la Wawakilishi lina viti 400.

Dhana: Miaka 64 lazima kuna hila, hakuna uchaguzi wa haki unaotoa matokeo hayo

Alichaguliwa, tena na tena. Katiba ya Wisconsin haiweki ukomo wa mihula kwa wabunge, na majimbo yenye ukomo huo ni machache kuliko yasiyo nao. Angekuwa California au Michigan, sheria ingekuwa imeshamtoa zamani.

Ila kuna jambo ambalo wanaomsifu hawapendi kulisema. Eneo lake la uchaguzi ni la Madison, mji wa chuo kikuu na wa wafanyakazi wa serikali, na ni ngome ya Wademokrati. Mdemokrati akishapita katika kura za maoni za chama huko, uchaguzi mkuu huwa ni kukamilisha taratibu tu. Hiyo si hila, lakini pia si uthibitisho kwamba kila mpiga kura alikuwa anampenda kila mara. Angegombea mashambani kaskazini mwa jimbo, tusingekuwa tunaizungumza rekodi yake leo.

Dhana: Mkongwe kama huyo ndiye aliyekuwa akiliendesha Bunge

Alipokuwa upande wa wengi, alikuwa na mamlaka kweli. Hadi mwaka 1979 aliyeketi kwenye kiti cha Rais wa Seneti ya Wisconsin alikuwa naibu gavana. Mwaka huo wapiga kura wakaibadili katiba ya jimbo, maseneta wakaanza kumchagua mmoja wao, na Risser akawa wa kwanza. Alikishika kiti hicho kwa vipindi virefu vya miaka iliyofuata: akiongoza vikao, akitoa uamuzi juu ya taratibu, akipeleka miswada kwenye kamati. Huyo ni mtu ambaye muswada wako unamhitaji.

Lakini bungeni kinachohesabiwa ni vichwa, miaka haihesabiwi. Januari 2011 Warepublikan walichukua Seneti kwa viti 19 dhidi ya 14, na seneta mwenye zaidi ya nusu karne kazini akajikuta hana nguvu ya kumzidi mgeni aliyeapishwa wiki hiyo upande wa pili. Isipokuwa kwa miezi michache ya mwaka 2012, hali hiyo ikamfuata mpaka mwisho. Mwaka 2018 Wademokrati wa Wisconsin walipata takribani asilimia 53 ya kura zote za Baraza la Wawakilishi, wakaambulia viti 36 kati ya 99. Ramani ya maeneo ya uchaguzi iliyochorwa mwaka 2011 ilichangia, na jinsi wapiga kura wao walivyorundikana Madison na Milwaukee kulichangia pia. Kwa hiyo kule kule kulikompa Risser kiti cha uhakika ndiko kulikosaidia kukiweka chama chake benchi.

Dhana: Mwaka 2011 alikimbia kazi

Picha zilisambaa, na hadithi ikasambaa nazo: maseneta 14 wa Wisconsin wametoroka, wamejificha hotelini katika jimbo jingine. Risser alikuwa mmoja wao, mzee wa miaka 83. Ukiishia hapo inaonekana ni utoro mtupu.

Kilichotokea ni hiki. Gavana mpya, Scott Walker, alileta muswada uliowanyima wafanyakazi wengi wa umma, walimu wakiwemo, sehemu kubwa ya haki ya kujadiliana kwa pamoja na mwajiri, ile inayoleta mikataba ya hali bora. Warepublikan walikuwa na kura za kutosha kuupitisha. Kilichowapungukia ni akidi, yaani idadi ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ukumbini. Kwa kawaida Katiba ya Wisconsin inataka wawepo zaidi ya nusu ya wajumbe, lakini linapokuja suala la fedha inataka wawepo watatu kati ya kila watano: kwa Seneti ya watu 33, hao ni 20. Warepublikan walikuwa 19. Mtu mmoja tu wa upande wa pili akiwemo ukumbini, hata kama anapiga kura ya hapana, muswada unapita.

Ndiyo maana tarehe 17 Februari 2011 wote 14 waliondoka pamoja na kuvuka mpaka kuingia Illinois. Polisi wa Wisconsin waliweza kutumwa majumbani kwao, lakini hawakuwa na mamlaka ng'ambo ya mpaka. Nyuma yao jengo la Bunge lilifurika. Ni jengo la mawe lenye kuba refu, limekaa kwenye ukanda mwembamba wa nchi kavu kati ya ziwa Mendota na ziwa Monona, na kwa majuma kadhaa walimu, wazimamoto, wauguzi na wanafunzi walilala kwenye sakafu yake ya marumaru wakipiga ngoma mchana na usiku.

Mbinu hiyo si ya kwao peke yao. Wademokrati wa Texas waliitumia mwaka 2003 walipokwenda Oklahoma, wakairudia 2021 na 2025. Unaweza kuikataa, na hoja ya kuikataa ina uzito: walio wengi wamechaguliwa watunge sheria, na walio wachache hawana haki ya kufunga mlango wa ukumbi. Nimelipima hilo, na bado nasimama upande wa wale 14. Waliondoka ili wananchi wapate majuma matatu ya kuusoma muswada uliokuwa upitishwe kwa siku chache, na wananchi walizitumia siku hizo. Huko si kukimbia kazi.

Walishindwa hata hivyo. Tarehe 9 Machi Warepublikan waliyatoa mambo ya fedha kwenye muswada, akidi ya 20 ikawa haihitajiki tena, wakaupitisha kwa kura 18 kwa 1. Walker akautia saini siku mbili baadaye, na tarehe 12 Machi maseneta wakarudi Madison, wakapokewa na umati mkubwa wa watu.

Kuna jambo moja ambalo magazeti ya wakati ule hayakulipa nafasi ya kutosha. Wisconsin ndilo jimbo la kwanza Marekani kuwapa wafanyakazi wa serikali za mitaa haki ya majadiliano ya pamoja, na lilifanya hivyo mwaka 1959. Risser alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi mwaka huo. Aliiona haki ile ikizaliwa akiwa kijana wa muhula wa pili, na aliiona ikivunjwa akiwa mzee kuliko wote katika Seneti. Ubishi wenyewe haujaisha: Desemba 2024 jaji wa kaunti ya Dane aliamua kwamba sehemu kubwa ya sheria hiyo inakiuka katiba ya jimbo, na uamuzi huo ukakatiwa rufaa.

Dhana: Kiti kilikuwa mali ya familia

Dhana hii ina mbegu ya ukweli. Baba yake, ambaye naye aliitwa Fred Risser, alikuwa seneta wa jimbo. Babu yake upande wa mama, Ernest Warner, alikuwa mbunge wa jimbo, na baba wa huyo, Clement Warner, aliyepigana upande wa Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, naye alikaa katika Bunge hilo hilo. Vizazi vinne! Mtoto wa nyumba hiyo hakuhitaji kuuliza siasa inaanzia wapi, na jina lake lilikuwa limeshajulikana Madison kabla hajabandika bango la kwanza. Huo ni mtaji, na si haki kujifanya haupo.

Hata hivyo hakukabidhiwa kiti. Baba yake alikuwa ameondoka Seneti zaidi ya miaka kumi kabla ya mwana kuingia Seneti, na mwana alipitia Baraza la Wawakilishi kwanza. Vyama navyo havikufanana: babu alikuwa Mrepublikan, baba alikuwa wa chama cha Progressive, yeye Mdemokrati. Na alipoamua mwaka 2020 kwamba inatosha, Wademokrati wa Madison walichuana kwenye kura za maoni. Aliyeshinda ni Kelda Roys, wakili aliyewahi kuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi na kugombea ugavana, wala si wa ukoo wa Risser.