Ukiweka tiki mbili, saraka inakuelewaje?

Ninajenga saraka za kutafutia mtandaoni, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: kwa nini kuongeza tiki mara huirefusha orodha, mara huifupisha?

Chukua saraka ya madaktari. Ukichagua “ngozi” na “macho” katika kundi la utaalamu, mfumo unaleta madaktari wa ngozi AU wa macho, kwa hiyo majina yanaongezeka. Ukichagua “Jumamosi” katika kundi la siku, linaingia sharti la NA: awe wa ngozi au wa macho, na awepo Jumamosi. Majina yanapungua. Ndani ya kundi ni AU, baina ya makundi ni NA. Mantiki ya NA na AU ni ya mwanahisabati George Boole, aliyeifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1854. Wazo la kukipanga kitu kimoja kwa pande kadhaa kwa mpigo, kama utaalamu na siku hapa, lilikomaa maktabani, hasa kwa mkutubi S. R. Ranganathan wa India, ambaye mfumo wake wa uainishaji ulitoka mwaka 1933.

Kanuni ya AU ndani ya kundi huharibika pale kitu kimoja kinapokuwa na sifa nyingi za kundi lilelile. Anayetumia kiti cha magurudumu akichagua “lifti” na “choo kipana”, anahitaji vyote viwili. Ukimletea kliniki yenye choo kipana iliyo ghorofa ya tatu bila lifti, umemsafirisha bure. Kundi la namna hii lazima litumie NA. Lugha ni ngumu zaidi: aliyechagua Kiarabu na Kifaransa huenda anatosheka na mojawapo, au huenda anampeleka mzazi anayezungumza Kiarabu na mtoto anayezungumza Kifaransa kwa daktari mmoja. Hapo mimi sikisii. Naweka juu ya kundi chaguo mbili, “yoyote kati ya hizi” na “zote”, mtumiaji aamue.

Halafu kuna zile namba kando ya kila chaguo, zinazoonyesha litaleta majina mangapi. Mtu akishachagua “ngozi”, saraka nyingi huandika “macho (0)”, kwa sababu zimehesabu ndani ya orodha iliyokwisha kuchujwa. Huo ni uongo, maana akiongeza “macho” atapata majina zaidi. Katika kundi la AU, namba zihesabiwe kwa vichujio vya makundi mengine tu, tiki za kundi lenyewe zikiwekwa kando. Katika kundi la NA, tiki hizo zihesabiwe pia.

Kuna pia nafasi zilizoachwa wazi. Daktari ambaye siku zake hazikujazwa hutoweka mara tu mtu anapochagua Jumamosi, hata kama Jumamosi yupo kazini. Mimi huwaonyesha madaktari hao chini ya orodha, chini ya kichwa chao: “Siku hazijatajwa, piga simu kwanza.”