Marko si Muhtasari wa Mathayo: Dhana Potofu Kuhusu Injili ya Ziwani

Katika jumuiya nyingi hapa Mwanza, anayeanza kusoma Biblia huambiwa aanzie Marko, na sababu anayopewa ni kwamba ni fupi. Ushauri si mbaya, maana sura 16 mtu anazimaliza jioni moja. Ila wachache wanaisoma jioni moja. Tunaisoma vipandevipande, muujiza Jumapili hii na mfano Jumapili ijayo, na vipande hivyo ndivyo vinavyozaa mengi ninayoyasikia yakifundishwa, Kirumba mpaka Igoma.

"Marko alikuwa mmoja wa Thenashara"

Hakuwa. Orodha ya mitume iko Marko 3:16-19 na jina lake halimo. Tena Injili yenyewe haisemi popote nani ameiandika. Tunachokitegemea ni mapokeo: Papia, askofu wa Hierapoli mwanzoni mwa karne ya 2, ambaye maneno yake yamehifadhiwa na Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, anasema Marko alikuwa mkalimani wa Petro na aliandika kwa uangalifu aliyoyakumbuka, ingawa si kwa mfuatano wa matukio. Wengi wanamwona kuwa ndiye Yohane Marko wa Matendo ya Mitume, yule kijana aliyewaacha akina Paulo njiani huko Pamfilia, akawa chanzo cha Paulo na Barnaba kutengana.

Wataalamu wengi wanaiweka Injili hii kati ya mwaka 65 na 70 hivi, miaka ya vita vya Wayahudi na Warumi, vita ambamo Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa mwaka 70. Mapokeo yanataja Roma, ambako Kaisari Nero aliwatesa Wakristo baada ya moto wa mwaka 64. Walengwa wengi hawakuwa Wayahudi, kwani katika sura ya 7 mwandishi inambidi asimame kidogo aeleze desturi ya kunawa mikono. Hakuna Myahudi aliyehitaji kuelezwa hilo.

"Ni Mathayo aliyefupishwa"

Dhana hii ina umri mkubwa. Hata Mtakatifu Agostino alimwona Marko kama mfuasi na mfupishaji wa Mathayo. Lakini fungua kurasa uhesabu. Habari ya binti Yairo na mwanamke mwenye kutokwa damu ina aya 23 kwa Marko, 9 tu kwa Mathayo. Mtu mwenye pepo aliyeishi makaburini ana aya 20 kwa Marko, 7 kwa Mathayo. Mfupishaji gani huyo anayerefusha kila anachokigusa? Ndiyo maana leo wataalamu wengi wanashikilia kinyume chake: Marko alitangulia, Mathayo na Luka wakamtumia. Ufupi wake unatokana na aliyoyaacha. Hakuna kuzaliwa Bethlehemu, hakuna mamajusi, hakuna hotuba ya mlimani. Yesu anaingia akiwa mtu mzima, anabatizwa, na kazi inaanza.

"Yesu aliwachukua wavuvi hohehahe"

Hapa sisi wa kando ya ziwa tulipaswa kuwa wa kwanza kushtuka. Soma Marko 1:16-20 kwa jicho la mtu wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Simoni na Andrea wanatupa wavu. Kwa Marko, chombo hakitajwi hapo. Hatua chache mbele, Yakobo na Yohane wako ndani ya chombo wakitengeneza nyavu, na wanapoondoka wanamwacha baba yao Zebedayo "pamoja na watu wa mshahara". Kwa lugha ya mwaloni, Zebedayo ni tajiri: ana chombo, ana nyavu, ana wavuvi anaowalipa. Si kwamba alikuwa na fedha za kutisha, ila wanawe hawakuwa watu wa kuokoteza.

Na uvuvi wa Galilaya ulikuwa biashara kamili. Mji wa Magdala, magharibi mwa ziwa, ulijulikana kwa samaki wa kutiwa chumvi, na Lawi alikuwa ameketi forodhani kandokando ya ziwa hilohilo akitoza ushuru. Mwaka 1986, maji yalipopungua kwa ukame, chombo cha enzi hizo kilionekana kwenye tope karibu na Ginosari. Urefu wake unazidi kidogo mita 8, mbao zake zimeungwaungwa na kukarabatiwa mara nyingi. Mtu wa kutengeneza mitumbwi hapa Mwanza angekielewa bila mkalimani.

Kwa nini nang'ang'ania jambo hili? Kwa sababu Marko analirudia. Katika sura ya 10, wana wa Zebedayo ndio wanaomwomba Yesu waketi mmoja mkono wa kuume na mwingine wa kushoto katika utukufu wake. Watoto wa tajiri wanataka viti vya mbele. Yesu anawajibu kuwa hawajui wanaloliomba. Katika 15:27 tunaona waliopata nafasi hizo, wa kuume na wa kushoto: wanyang'anyi wawili, msalabani. Aliyesikia ibada moja ya wito wa wavuvi na nyingine ya Ijumaa Kuu, miezi ikiwa imepita katikati, hawezi kuunganisha.

"Bahari ya Galilaya ni bahari"

Ni ziwa la maji baridi, lenye kilomita za mraba zipatazo 166. Kisiwa cha Ukerewe peke yake kinalizidi mara tatu. Samaki wake maarufu ni jamaa wa sato. Wengine huutumia udogo huo kudai kuwa dhoruba ya sura ya 4 imetiwa chumvi, lakini ziwa lile liko mita 200 na ushei chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, na upepo ukishuka kwa ghafla maji huchafuka vibaya. Mvuvi wa hapa anajua kwamba mawimbi hayasubiri ziwa liwe kubwa.

"Marko ni Injili ya miujiza na nguvu"

Ukienda mikutano ya injili viwanja vya Furahisha, Marko atasomwa, na karibu kila mara zitakuwa sura za 1 hadi 8. Ni kweli zimejaa: pepo wanatoka, viwete wanatembea, mikate inaongezeka. Ila angalia kinachofuata. Baada ya sura ya 8, Marko anasimulia uponyaji wa watu wawili tu, yule mtoto mwenye pepo bubu na Bartimayo kipofu wa Yeriko. Kuanzia sura ya 11 hadi mwisho ni siku zinazozunguka kifo cha Yesu.

Katikati hapo Yesu anatabiri mateso yake mara tatu (8:31, 9:31, 10:33-34), na mara zote tatu wanafunzi wanaharibu. Petro anamkemea, kisha wote wanabishana nani mkubwa, kisha wanakuja wale wana wa Zebedayo. Hata kule Yesu kuwakataza watu wasimtangaze, kunakotushangaza sana, kunaeleweka hapa. Anayemtangaza Yesu kwa sababu ya mikate peke yake amemtangaza nusu. Pepo wanamtambua mapema, na Petro anamwita Kristo, lakini mwanadamu wa kwanza kumkiri kuwa Mwana wa Mungu katika Injili hii ni akida wa Kirumi, tena akimtazama akiwa tayari amekufa (15:39).

Mkristo aliyekuwa chini ya Nero, ambaye hakuona muujiza wowote ukimwokoa ndugu yake, alikisoma kitabu hiki akijua kinamzungumzia. Sidhani kama mhubiri anayeishia sura ya 8 anamtendea haki Marko.

"Kushika nyoka na kunywa sumu ni agizo la Marko"

Nakala mbili kongwe muhimu, ya Vatikano na ya Sinai, zote za karne ya 4, zinaishia 16:8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Aya za 9 hadi 20, ambamo nyoka na sumu vimo, wataalamu wengi wanaziona kuwa ziliongezwa na mkono mwingine. Si za jana wala juzi. Askofu Ireneo alinukuu mojawapo katika karne ya 2, na makanisa mengi yanazisoma kama Maandiko. Wanaozitaka zifutwe wanakwenda mbali mno, na wanaojenga huduma nzima juu ya nyoka wanakwenda mbali zaidi. Katika Kanisa Katoliki, tarehe 25 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu Marko mwenyewe, Injili inayosomwa ni 16:15-20.