Sanamu ya Askari haiwakumbuki wenye bunduki pekee

Wapita njia wengi wanaoiona Sanamu ya Askari katika Barabara ya Samora, Dar es Salaam, huidhani kuwa ni ya shujaa wa vita vya ukombozi, au kwamba inatukuza ushujaa wa mwenye silaha peke yake. Dhana zote mbili si sahihi. Ilizinduliwa mwaka 1927, enzi za utawala wa Mwingereza, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann, ili kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918.

Ni kweli kwamba shaba inapotosha: tunachokiona ni askari mmoja, ameinama kidogo, singe ya bunduki yake imeelekezwa bandarini. Lakini maandishi yaliyo chini yake, ambayo wachache husimama kuyasoma, yanawataja pia wapagazi, yakiwaita miguu na mikono ya jeshi. Hao ndio waliobeba risasi na chakula porini, na maelfu kwa maelfu wakafa, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi za adui. Uvumilivu wao haukupewa umbo mjini humo. Nairobi, ambako sanamu za ukumbusho huo ni tatu, mpagazi amesimama pamoja na wenye silaha. Dar es Salaam wapagazi wamebakiwa na jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, jina la Kiingereza la kikosi chao, na wanaonunua vitenge huko hawalihusishi na vita hata kidogo.