Mashindano ya poka ya dau dogo mtandaoni: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Anayeanza kucheza mashindano ya poka mtandaoni kwa ada ndogo hakosi ushauri. Shida ni kwamba mwingi umetoka kwenye meza za mabingwa, watu wanaocheza na wenzao wanaojua yote wanayoyajua wao. Ukiubeba ulivyo hadi kwenye meza ambayo nusu ya watu wanaingia kila karata zinapogawiwa, utakutoa mapema. Hoja yangu ni moja: katika mashindano haya hakuna mbinu iliyo nzuri yenyewe kwa yenyewe. Mbinu nzuri ni ile inayowafaa watu ulioketi nao, chipu (vipande vya kuwekea dau) ulizobaki nazo na umbali uliobaki kufika kwenye malipo, na hayo matatu hubadilika kila baada ya dakika chache.

Dhana: Poka ni blafu, asiyejua kuwatisha wenzake hashindi

Hii ndiyo inayowamaliza wengi. Blafu ni kubeti ukiwa na karata dhaifu ili mwenzako aogope na kutupa zake. Imekolezwa na fainali ya World Series of Poker ya mwaka 2003. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyefuzu kupitia mashindano ya mtandaoni, alishinda dola milioni 2.5 katika mashindano ya watu 839. Walipobaki wawili, aliweka chipu zake zote akiwa hana hata jozi, na Sam Farha akatupa jozi ya tisa. Watu wengi wamechukua funzo kwamba ujasiri unalipa. Mimi naona funzo jingine: Farha alikuwa mchezaji mzoefu, mtu anayeweza kutupa jozi. Blafu haifanyi kazi bila mtu wa upande wa pili aliye tayari kuondoka.

Kwenye dau dogo mtu huyo ni adimu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: ukibeti nusu ya kilichoko mezani, blafu lazima ifaulu mara moja kati ya tatu ili usipate hasara, ukibeti kiasi kilekile kilichoko mezani, lazima ifaulu nusu ya mara. Mtu anayefuata, yaani anayelipa kila unachobeti, hadi karata ya mwisho kwa jozi yoyote hakupi hata hiyo moja kati ya tatu. Tena, mara nyingi hamko wawili. Kila mchezaji hupewa karata mbili zake, na tano za pamoja hufunuliwa mezani; tatu za kwanza ndizo flopu. Karata mbili zisizo jozi hukosa kupata jozi kwenye flopu karibu mara mbili kati ya tatu, kwa hiyo dhidi ya mtu mmoja kubeti tu kunaweza kutosha. Dhidi ya wanne, uwezekano kwamba wote wamekosa unashuka hadi karibu asilimia 20, na bado sijahesabu wale waliopewa jozi mkononi tangu mwanzo.

Ila tabia hiyohiyo ya kufuata kila kitu inayoua blafu zako ndiyo inayolipa karata zako nzuri. Tuseme blaindi, yaani dau ndogo na kubwa ambazo watu wawili hulazimika kuweka kabla ya karata kugawiwa, ni 100 na 200, watu watatu wameingia kwa kulipa 200 tu, nawe unaamua mwisho ukiwa na ree na mfalme. Ukipandisha hadi 500 wote watafuata, na utacheza na umati. Pandisha hadi 1,300 au 1,400. Anafuata mmoja, flopu inakuja ree, 9 na 4. Beti theluthi mbili ya kilichoko mezani. Akifuata, beti tena karata ya nne, na tena karata ya mwisho. Hofu ya kumfukuza iweke kando, kwa sababu mwenye ree na 6 haendi popote.

Lakini mtu huyohuyo, aliyekuwa akifuata kimyakimya, akikupandishia ghafla kwenye karata ya nne, simama. Wachezaji wa namna hiyo hawapandishi kwa mzaha; ana jozi mbili, au tatu za aina moja. Kutupa ree na mfalme wakati ree iko mezani kunauma sana. Kwa maoni yangu, uwezo wa kuzitupa hapo, bila hasira, ndiyo tofauti kubwa zaidi kati ya anayepata na anayepoteza kwenye ngazi hii.

Dhana: Cheza kama kompyuta na huwezi kushindwa

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta walitangaza Cepheus, programu iliyokokotoa hadi mwisho poka ya watu wawili yenye dau la kikomo, ambapo kiasi cha kubeti kimewekwa. Mwaka 2019 ikaja Pluribus, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook, ikawashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Ni kazi kubwa, nami naiheshimu. Ila Pluribus haikucheza mashindano: kila mgawo ulianza na chipu zilezile, hakuna aliyetoka, blaindi hazikupanda.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mbinu ya uwiano inayotafutwa na programu hizi imeundwa ili asiwepo wa kukutumia vibaya. Haikuundwa ili kumvuna mtu anayekosea kwa njia moja ileile usiku mzima. Asiyetupa kamwe, mpunguzie blafu hadi karibu sifuri na umwongezee dau kwenye karata nzuri. Anayetupa kila anapopandishiwa, mpandishie. Kubaki katikati mbele ya makosa yaliyo wazi hivyo ni kuacha fedha mezani. Jifunze mbinu ya uwiano ujue ulipo msingi, kisha uwe tayari kutoka kwenye msingi huo ukiwa na sababu.

Dhana: Mapema ni wakati wa kufanya fujo ili ujaze chipu

Mapema chipu ni nyingi kuliko blaindi, basi makosa ya wengine huwa makubwa bila wewe kuyalazimisha. Ni wakati wa kuingia kwa bei ndogo na jozi ndogo ukitafuta tatu za aina moja, ambazo flopu hukupa karibu asilimia 12 ya mara. Inafaa tu ikiwa wewe na mpinzani bado mna akiba inayoweza kufidia zile mara nyingi utakazokosa. Ukiwa na chipu zenye thamani ya blaindi kubwa 15 tu, mpango huohuo ni hasara.

Dhana: Kila chipu ina thamani ileile

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo mashindano yanapoachana na poka ya kawaida, na ndipo wachezaji wa dau dogo wanapotupa fedha nyingi bila kujua.

Wamebaki wachezaji wanne, wanaolipwa ni watatu: 50, 30 na 20. Kila mmoja ana chipu sawa, hivyo nafasi ya kila mmoja ina thamani ya 25. Mwenzako anaweka chipu zote. Ukifuata ukashinda, utashika nusu ya chipu zote zilizobaki. Wengi wataona thamani yao sasa ni 50, maana chipu zimekuwa maradufu. Sivyo. Ukiwa na nusu ya chipu, utakuwa wa kwanza nusu ya mara, wa pili theluthi moja ya mara, na wa tatu mara moja kati ya sita. Ukijumlisha malipo kwa uwiano huo unapata 38.33. Umezidisha chipu mara mbili, lakini fedha zimeongezeka kwa nusu na kidogo tu. Na ukishindwa, 25 yote imekwenda.

Gawanya 25 kwa 38.33: unahitaji kushinda zaidi ya asilimia 65 ya mara ili kufuata kuwe na maana. Ree na mfalme dhidi ya karata mbili zozote hushinda karibu asilimia 65. Yaani hata kama mwenzako ameweka chipu zote bila kutazama alichonacho, ree na mfalme ndiyo kwanza zinafika mpakani. Akiwa amechagua karata zake kidogo tu, unapaswa kutupa. Mchezaji wa dau dogo anayetupa ree na mfalme hapo sijamwona mara nyingi.

Wale wawili waliokaa pembeni, je? Mmoja akishatoka, thamani ya kila mmoja wao inapanda kutoka 25 hadi 30.83, na hawajagusa karata. Wawili wanaogongana wanawalipa waliotulia. Basi kwenye meza yenye watu wanaopenda kugongana, kazi yako karibu na malipo ni kuwapisha wagongane.

Hilo halina maana ya kumkwepa kila mtu. Ukiwa na chipu nyingi kuliko wote, na walioko kushoto kwako wanaonekana wanatupa kila kitu ili wafike kwenye malipo, wapandishie mgawo baada ya mgawo. Ila chagua wa kumwonea. Aliyekwisha kuonyesha kwamba hufuata na chochote hatishiki na hesabu ya malipo asiyoijua. Ukimsukumia chipu zote ukiwa na karata dhaifu, mnaumia wote wawili na meza nzima inanufaika. Malipo yakishaanza, hali hugeuka mara moja: wenye chipu chache wanaanza kuweka zote na karata za kila namna, na hapo unaweza kufuata kwa upana zaidi kuliko dakika tano zilizopita.

Dhana: Chipu zikipungua, subiri karata nzuri

Umebaki na blaindi kubwa 10. Mezani kila mgawo kuna blaindi kubwa moja, blaindi ndogo ambayo ni nusu, na ante (kiasi kidogo ambacho kila mchezaji hulazimika kuweka) za meza nzima ambazo kwa kawaida zinakaribia blaindi kubwa moja. Jumla 2.5. Ukiweka zote na wasikufuate, umeongeza robo ya ulichonacho bila kuonyesha karata. Mzunguko mmoja wa kutupa tu unakugharimu karibu robo hiyohiyo. Ukisubiri jozi kubwa kwa mizunguko miwili, ikija utakuwa na blaindi tano, na hakuna atakayekuogopa.

Majedwali ya kuonyesha karata za kuweka zote yapo tele na yanafaa. Ila yanachukulia kwamba walio nyuma yako wanafuata kwa kiwango sahihi. Kama aliyeko kwenye blaindi kubwa hufuata na ree yoyote na karata yoyote yenye sura, ondoa kwenye orodha yako karata kama 7 na 6 zinazotegemea kutofuatwa, ubaki na jozi na ree zinazoweza kushinda zikifuatwa.

Dhana: Mashindano ni mashindano

Katika mashindano ya kufuzu, ambapo, tuseme, nafasi kumi za kwanza zinapata tiketi ileile ya kuingia mashindano makubwa zaidi, chipu za ziada hazinunui kitu. Zipo hali ambazo kutupa hata ree mbili ni uamuzi sahihi, kwa sababu kufika kwako ni karibu hakika bila kucheza. Kwenye mashindano ya zawadi ya kichwa ni kinyume: sehemu ya ada, mara nyingi nusu, imewekwa juu ya vichwa vya wachezaji, kwa hiyo unamfuata mwenye chipu chache kwa karata ambazo pengine ungezitupa. Soma jedwali la malipo kabla ya kujisajili.

Dhana: Mtandaoni karata zimepangwa, ree mbili hushindwa kila siku

Udanganyifu umewahi kutokea. Kashfa za Absolute Poker mwaka 2007 na UltimateBet mwaka 2008 zilihusu akaunti zilizoweza kuona karata za wengine. Lakini malalamiko ya kila siku yana maelezo mepesi zaidi. Ree mbili hushinda karibu asilimia 85 dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote. Dhidi ya watano hushinda karibu nusu tu. Anayeingia nazo kwa bei ya chini ili awatege wengine, kisha watano wakaingia naye, amejipunguzia nafasi mwenyewe. Na kwa kuwa mtandaoni migawo huenda kasi zaidi kuliko kwenye meza ya ana kwa ana, unayaona matukio hayo mara nyingi zaidi kwa saa.

Dhana: Ni dau dogo, halihitaji kuhesabu mfuko

Ada ikiwa 10 na mwendeshaji akachukua 1, wachezaji wote kwa pamoja wanagawana 9 kati ya kila 10 waliyoleta. Mchezaji wa wastani, basi, anapoteza. Lazima uwe bora kuliko meza kwa kiasi kinachozidi ada hiyo. Kwa kawaida wanaolipwa ni kama mmoja kati ya sita au saba, na fedha nyingi ziko kwenye nafasi chache za juu. Ndiyo maana hata anayecheza vizuri hupitia misururu mirefu ya kutoka mikono mitupu. Mashindano ya watu wengi yanataka akiba ya ada 100 au zaidi, ya fedha ambazo kuzikosa hakugusi maisha yako.

Misururu hiyo pia hufanya matokeo ya wiki moja yasiseme lolote kuhusu mbinu yako. Majukwaa mengi huhifadhi kumbukumbu za migawo. Fungua ile uliyoweka chipu zote, funika matokeo, uandike ulijua nini wakati ule: nani amefuata, ana chipu ngapi, wamebaki wangapi hadi malipo. Kisha piga hesabu kama ile ya 25 na 38.33. Jibu likisema ulikuwa sahihi, fanya vivyo hivyo kesho, hata kama ndiyo iliyokutoa mashindanoni.