Kelele za Ukumbi Hazizuiwi kwa Sponji wala kwa Kufuli

Kila kampeni ya ukaguzi wa kumbi za burudani inapoanza, wamiliki wa kumbi ndogo za muziki wa moja kwa moja hutupokea sisi wakaguzi vizuri, hutuonyesha leseni iliyotundikwa, kisha hutupeleka kuona ukuta walioufunika kwa sponji. Jirani alilalamikia kelele, wanasema, nasi tumechukua hatua. Mlango wa nyuma nao umepigwa kufuli kwa sababu hiyo hiyo. Nia ni njema. Lakini hatua hizo mbili ndizo zinazougeuza ukumbi kuwa mtego.

Sponji hupunguza mwangwi ndani. Halizuii sauti kutoka nje. Kinachomkosesha jirani usingizi ni besi, na wimbi la besi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Sponji la sentimita 5 halilipunguzi chochote cha maana. Kinachosaidia ni uzito wa ukuta, kuziba matundu, milango miwili yenye kijichumba katikati, spika za besi zisigusane moja kwa moja na sakafu, na fundi mitambo kukubali kushusha sauti. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 wastani usiozidi desibeli 100 ndani ya dakika 15. Huo ni kwa ajili ya masikio ya wateja. Jirani ana kiwango chake katika kibali chako, na kiko chini zaidi.

Sponji la kawaida la poliurethani likishika moto, hutoa gesi za sumu, kaboni monoksidi na sianidi. West Warwick, Marekani, Februari 2003, fataki za jukwaani ziliwasha sponji lililobandikwa ukutani, na ndani ya dakika 2 watu walikuwa wamelaliana mlangoni. Walikufa 100. Santa Maria, Brazili, Januari 2013, walikufa 242: mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, na walinzi mwanzoni waliwazuia watu wakidhani wanakwepa kulipa. Bucharest, Romania, Oktoba 2015, walikufa 64, tena kwa fataki na sponji. Anayetuambia kila mwaka kwamba ukumbi wake ni mdogo na moto utaonekana mapema, azifikirie hizo dakika 2.

Mlango wa dharura hufunguka kuelekea nje, kwa kusukuma, bila ufunguo, muda wote ambao kuna watu ndani. Ufunguo uliotundikwa kando yake haukubaliki. Ufunguo ulio kwa meneja haukubaliki. Makreti ya soda na masanduku ya ngoma pia hayakubaliki, hata kama ni "kwa usiku mmoja tu".

Sasa utaratibu. Ombi la kibali huambatana na mchoro wenye vipimo unaoonyesha jukwaa, kaunta, meza, milango na upana wake. Idadi ya watu hukokotolewa kwa eneo lililobaki baada ya jukwaa na kaunta, kisha kwa upana wa milango tukichukulia kwamba mlango mkubwa kuliko yote umezibwa. Idadi ndogo kati ya hizo mbili ndiyo inayoandikwa. Wanamuziki na wahudumu wanahesabiwa. Ukihamisha jukwaa, kuongeza kaunta au kubandika kitu chochote ukutani, mchoro umebadilika na kibali kinahitaji kupitiwa upya kabla ya onyesho, si baada yake. Ukaguzi wa kwanza hufanyika mchana kwa miadi. Wa pili hufanyika usiku wa onyesho bila taarifa. Kasoro ndogo huandikiwa notisi yenye muda wa kurekebisha. Mlango uliofungwa watu wakiwa ndani hauandikiwi notisi: onyesho husimamishwa hapo hapo, ukumbi hufungwa hadi ukaguzi mpya, na gharama za ukaguzi huo ni za mmiliki, pamoja na faini. Kampuni ya bima nayo inaweza kukataa kulipa fidia kwa ukumbi uliokiuka masharti ya kibali. Mtu akifa, shauri huwa la jinai. Katika moto wa West Warwick meneja wa bendi na mmoja wa wamiliki walitumikia kifungo.

Ieleweke kwamba makala haya hayachukui nafasi ya masharti yaliyoandikwa katika kibali chako.

Kama tayari umeshabandika sponji, libandue kabla ya onyesho lijalo. Kulipaka rangi hakulifanyi lisiwake. Ukitaka kuweka vifaa vingine vya kupunguza mwangwi, lete kwetu cheti cha majaribio ya moto cha bidhaa hiyo hiyo, chenye jina na unene wake, kabla hujalipa. Neno la muuzaji kwamba "haiungui" hatulipokei.