Mamluki alikuwa na nidhamu nzuri tu

Jumamosi iliyopita kamati ya ligi yetu ya mtaa, hapa Dodoma, ilikaa chini ya mwarobaini pembeni ya kiwanja kusikiliza mashauri matatu. La kwanza, golikipa wa timu moja alimpiga mhudumu wa baa Ijumaa usiku, ugomvi wa chenji. La pili, nahodha wa timu nyingine alimporomoshea mwamuzi matusi kwenye grupu la WhatsApp. La tatu, timu iliyotinga nusu fainali ilimchezesha mamluki, kijana wa ligi ya mkoa aliyeingia uwanjani na kadi ya mdogo wake. Sura zao hazipishani sana, na vumbi la Agosti lilisaidia.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani, akanigeukia. "Katibu, andika. Utovu wa nidhamu, wote watatu. Mechi tatu tatu."

Nikaandika, maana katibu kazi yake ni kuandika. Lakini hii ni mara ya nne msimu huu naandika maneno hayohayo juu ya mambo yasiyofanana, na ya nne imenishinda kunyamaza.

Utovu wa nidhamu ni kukiuka mwenendo ambao nafasi yako inakudai: uwe mchezaji, mwanafunzi, askari au mtumishi. Udanganyifu ni kumfanya mwenzako aamini kisichokuwepo ili upate usichostahili. Kamusi yoyote itakupa hayo kwa mistari miwili, na mtu anaweza kudhani la pili ni tawi tu la la kwanza. Hapo ndipo tunapopotezana.

Litazame neno lenyewe. "Tovu" ni kukosa, kupungukiwa. Tunasema mtovu wa adabu, mtovu wa shukrani. Halina shida. Kazi iko kwenye "nidhamu". Limetoka kwenye Kiarabu, kwa kitenzi chenye maana ya kutunga shanga kwenye uzi, moja baada ya nyingine, kila moja mahali pake. Washairi wa pwani wanalo ndugu yake, nudhumu, yaani utungo wa shairi, kwa sababu mizani na vina navyo hutungwa kama shanga. Kwa asili yake, basi, nidhamu haiulizi kama wewe ni mtu mwema. Inauliza kama umekaa kwenye mstari. Jeshi la mwizi linaweza kuwa na nidhamu kali kuliko la mwenye haki, na mara nyingi linashinda kwa hiyo hiyo.

Sasa chukua udanganyifu mkubwa kuliko wote michezoni. Kwa Kiswahili unaitwa kupanga matokeo. Kupanga! Shanga zilezile kwenye uzi uleule. Mwaka 2016 Kundi C la Daraja la Kwanza lilifika siku ya mwisho huku timu mbili zikigombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu, na tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Mechi moja ikaisha 8-0, nyingine 7-0. TFF, shirikisho la soka la nchi yetu, ilizishusha timu zote nne, Geita Gold, JKT Kanembwa, Polisi Tabora na JKT Oljoro, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Jiulize: ili mechi iishe hivyo kwa makubaliano, watu wanahitaji nini? Wanahitaji kutii, kutunza siri na kufika kwa wakati. Hakuna wa kumtukana mwamuzi, hakuna wa kuvua jezi. Ukiliita hilo utovu wa nidhamu unakuwa umelisifia bila kujua, kwamba kilichopungua ni mpangilio, wakati mpangilio ulizidi.

Mamluki wetu naye ni hivyohivyo. Neno hili nalo linachekesha ukilifuata. Kwa Kiarabu mamluki ni anayemilikiwa, mtumwa. Shina lake ndilo lililotupa miliki, na malkia pia. Watumwa hao walifundishwa uaskari, na kule Misri wakaishia kuwa watawala wenyewe, tangu 1250 mpaka 1517. Kwetu likabaki na maana ya askari wa kukodiwa, halafu likashuka mpaka viwanja vya shule na vya mtaa, na sasa hivi mtoto wa darasa la sita aliyewahi kwenda UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, anajua mamluki ni nani. Na mamluki yeyote mwenye akili ana nidhamu ya kuigwa. Wa kwetu alimpa mwamuzi mkono kabla ya mechi. Hakubishia filimbi hata moja. Hawezi kubisha: akibisha ataangaliwa, na akiangaliwa yeye itaangaliwa kadi. Alifunga mabao mawili, akashangilia kwa upole.

Nilipomweleza mwenyekiti haya baada ya kikao, hakunikatalia kwa hasira. Yeye ni mwamuzi mstaafu, na alinijibu kwa kitabu. "Katibu, soma Sheria ya 12. Anayejiangusha ili amdanganye mwamuzi anapewa njano. Anayempiga mwenzake anapewa nyekundu. Sheria yenyewe imeshasema kudanganya ni kudogo kuliko kupiga."

Hoja nzuri, nililala nayo. Na jibu nililolipata ni kwamba kujiangusha ni uongo unaosemwa mbele ya mtu aliyewekwa pale makusudi aukamate. Mwamuzi yuko hatua kumi, ana macho, ana wasaidizi, na Ligi Kuu za wenzetu zina hadi video. Ni uongo wa sokoni, kama muuza nyanya wa Majengo anayeapa kuwa sado imejaa. Nawe una macho, tazama sado. Kadi ya kughushi haisemwi mbele ya mtu yeyote. Ilishasemwa ofisini, siku ya usajili, na kila aliyeingia uwanjani siku ile, pamoja na mwamuzi na wapinzani, alicheza ndani ya uongo bila kujua. Ndiyo maana uongo wa kwanza unamalizwa na filimbi na wa pili hauwezi. Uzito wa udanganyifu unapimwa kwa kina cha pale ulipofichwa.

Kuna wengine wanateleza upande wa pili, wanaita udanganyifu kila kitu kinachowauma. Mpaka leo ukikaa kijiweni ukamtaja Luis Suárez, kuna mtu atasema alituibia Waafrika kwa udanganyifu. Robo fainali ya Kombe la Dunia, Johannesburg, 2010, Uruguay na Ghana ziko 1-1, dakika za nyongeza zinakatika, mpira unaingia wavuni na Suárez anaupangua kwa mikono juu ya mstari. Naumia nanyi. Ila Suárez hakumdanganya mtu. Dunia nzima iliona, mwamuzi aliona, kadi nyekundu ilitoka, penalti ikatolewa, Gyan akagonga mwamba, na Ghana ikatolewa kwa matuta. Alivunja sheria waziwazi akalipa bei iliyoandikwa. Mliyepaswa kumwita mdanganyifu ni Maradona wa 1986, aliyefunga kwa mkono dhidi ya Uingereza akakimbia kushangilia ili mwamuzi aamini ni kichwa. Lakini yule tunampenda, kwa hiyo mkono wake tumeupa jina la Mungu.

Haya, golikipa.

Hapa ndipo neno "utovu wa nidhamu" linapokaa vizuri zaidi kisarufi na kunitia wasiwasi zaidi moyoni. Ndiyo, mchezaji aliyevaa jina la timu akampiga mhudumu wa baa amekiuka mwenendo wa nafasi yake. Ligi inaweza kumwadhibu, na mimi naona imwadhibu. Lakini kumpiga mtu si kosa la ligi. Ni shambulio, liko kwenye Kanuni ya Adhabu ya nchi, na yule dada alishakwenda polisi akachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Yeye hana timu. Mechi tatu tulizotoa hazimpi kitu. Jumatatu nikasikia ndugu wa golikipa wamekwenda kumwona na maneno haya: "Ligi imeshamwadhibu, dada, basi yaishe." Adhabu yetu ya mechi tatu imegeuka kuwa pazia.

Nakumbuka jambo la Marekani, kwenye ule mpira wao wa yai. Februari 2014 mchezaji wa Baltimore, Ray Rice, alimpiga mchumba wake ndani ya lifti mpaka akazimia. Julai ligi yao, NFL, ikamfungia mechi 2. Mwaka uliofuata ikamfungia Tom Brady wa New England mechi 4 kwa tuhuma za kujua kuwa mipira ya timu yake ilipunguzwa upepo ili ishikike vizuri. Watu wakaweka mbili kando ya nne, wakapiga kelele: kwa hiyo upepo wa mpira una thamani kuliko mwanamke? Kelele zao nazielewa. Mechi 2 zilikuwa aibu, na ligi yenyewe ilikiri hivyo ilipopandisha kiwango cha makosa ya namna hiyo kuwa mechi 6 Agosti ileile ya 2014. Lakini kosa la kwanza lilikuwa kupima mambo hayo mawili kwa sado moja. Upepo wa mpira hauna mahakama nyingine. Hakuna polisi atakayefungua jalada la upepo. Ligi isipoadhibu, hakuna atakayeadhibu, na kila mshindi atabaki na alama ya kuuliza. Mwanamke aliyepigwa ana sheria ya nchi, ana daktari, ana hakimu, na vyote hivyo vilipaswa kutangulia. Ligi inapokimbilia kutaja idadi ya mechi kabla yao, inawapa watu bei, na bei ikishatajwa watu hulinganisha bei.

Kilichofuata kinafundisha zaidi. Septemba 2014 video ya ndani ya lifti ilitoka, NFL ikamfungia Rice bila kikomo, na Novemba msuluhishi, aliyewahi kuwa jaji, akaitengua adhabu hiyo kwa sababu mtu aliadhibiwa mara mbili kwa kosa lilelile. Kwa haraka ya kuhukumu mara ya kwanza, ligi ilijifunga mikono ya mara ya pili.

Ndiyo sababu tuna neno jingine tunalolichezea, kusimamishwa. Magazeti yetu ya michezo yanaandika "amesimamishwa" na "amefungiwa" kama pacha. Aliyefungiwa amehukumiwa: ana idadi ya mechi au miezi, na ikiisha anarudi. Aliyesimamishwa hajahukumiwa, amewekwa kando wakati wengine wanachunguza. Manchester City walimsimamisha Benjamin Mendy mwaka 2021 aliposhtakiwa kwa ubakaji, wakaacha pia kumlipa. Mwaka 2023 mahakama ilimwona hana hatia, na Novemba 2024 baraza la ajira likaamua kwamba alistahili sehemu kubwa ya mshahara aliozuiliwa. Kumweka kando ni jambo moja, kumkata riziki kabla ya hukumu ni jingine.

Kwa golikipa wetu, basi, neno lilikuwa asimamishwe mpaka polisi wamalize, kisha tukae tena tukiwa na kitu mkononi. Kwa nahodha wa WhatsApp, utovu wa nidhamu, mechi tatu, sina neno. Alitukana, amekiri, ameomba radhi kwa sauti ya dakika nzima ambayo nusu yake ni upepo. Kwa mamluki, mechi tatu ni zawadi. Kanuni za FIFA zinaweka kwa anayepanga matokeo kifungo kisichopungua miaka mitano na faini isiyopungua faranga 100,000 za Uswisi, na huko ni kwenye fedha na majeshi ya wanasheria. Sisi hatuna hata akaunti ya benki. Lakini pointi tunazo. Zile za mechi alizocheza zirudi kwa waliopigwa, na mwalimu wa timu aliyeshika ile kadi akakaa mbele yetu akisema "huyu ndiye" afungiwe kuliko kijana. Kijana ana miaka kumi na tisa. Mwalimu ana arobaini na mbili.

Mzee mwenyekiti, najua unasoma, na najua utaniuliza Jumamosi kwa nini sikukwambia kikaoni. Ulikuwa umeshafuta miwani. Barua tatu nimeshachapa upya zinasubiri saini yako. Ya nahodha sijaigusa. Ya golikipa nimeandika "amesimamishwa" na nafasi ya mechi nimeiacha wazi. Ya mamluki, mstari wa tatu, pale ulipotaja utovu wa nidhamu, nimeandika "udanganyifu". Idadi ya mechi ni yako, ongeza au punguza. Neno naomba uniachie.